Siku mursik ilipogonga mabati mbele ya wakwe, kwa sababu ya kuonea aibu kibuyu kilichoshonwa

Wakuu, hamjambo. Wale wa Kericho na Bomet, chamgei.

Mimi kwa kawaida ni wa kusoma na kupita tu, lakini leo nimekasirika vya kutosha kuandika. Haya yote niliyaona na macho yangu, sijaongeza chumvi. Na kama uko humu na ni mtu wa Mogogosiek, ukinitambua nyamaza, usinitaje jina.

Kilichonichoma ni sherehe ya Jumamosi. Mtoto wa rafiki yangu amegraduate, tukaitwa. Sahani za kutupa, vijiko vya kutupa, vikombe vya kutupa. Mtoto mmoja anafungua chupa ya maji, anakunywa mara mbili, anaiweka kwa nyasi, anaenda kuchukua ingine.

Jioni naona sufuria nzima ya pilau inaelekezwa kwa mfuko wa taka. Nikauliza inaenda wapi. Msichana wa catering akaniambia, "Mathe, hiyo ni ya kumwaga."

Kumwaga! Na majirani wako pale kwa ua wanaangalia.

Nikaanza kuokota vile vikombe niende kuviosha, kwa sababu vilikuwa vigumu vizuri, vya kutumika hata mwaka. Binti yangu akanishika mkono. "Mum, please. Unaniaibisha."

Sawa. Wacha niwaambie kuhusu kuona aibu.

Turudi miaka ya tisini, Mogogosiek, nyumba yetu ikiwa katikati ya shamba la chai. Baba alikuwa na chai kiasi na ng'ombe wachache. Mama alichuma majani asubuhi, akapeleka buying centre, jioni akakamua. Kogo, yaani nyanya yetu mzaa baba, alikuwa na kanyumba kake hapo karibu na jikoni.

Kwetu hakukuwa na kitu kinaitwa takataka. Shimo lilikuwepo nyuma ya choo, ndiyo, lakini ungechungulia upate majivu tu. Maganda ya viazi ng'ombe alishapita nayo.

Mkebe wa mafuta ya kupikia ulikuwa wa kupimia unga. Ukizeeka fundi anaugeuza koroboi. Koroboi ikitoboka inapandwa kitunguu.

Juala ya plastiki, wakuu, mama aliiosha na kuianika kwa kamba pamoja na nguo zetu. Mgeni akipita anaona shati, shati, juala, blanketi.

Sweta ya dada yetu mkubwa Chelangat ilifumuliwa, uzi ukaviringwa, ikafumwa upya ya ndugu yangu. Ya ndugu yangu ikafumuliwa ikawa yangu. Ilifika kwangu na mkono mmoja wa maroon na mwingine wa kijivu kwa sababu uzi haukutosha. Mwalimu akaniuliza mimi ni wa shule gani haswa.

Na petikoti! Zile mifuko za unga wa ngano za kitambaa, mama alizishona petikoti. Maandishi yalikuwa hayatoki hata ufue namna gani. Upepo ukipiga nikiwa kwa laini ya shule asubuhi, wavulana walikuwa wanasoma nyuma yangu "WEKA MAHALI PAKAVU."

Kwa hivyo msinielewe vibaya. Sisemi maisha ilikuwa tamu. Hiyo petikoti niliichukia na roho yangu yote, na mtu akiniambia leo nirudi kuivaa nitamfukuza na fimbo. Shida ni shida. Lakini kuna tofauti ya kukosa na kuheshimu kitu, na sisi siku hizi tumechanganya hizo mbili. Tumepata kidogo, tukaona dawa ya ule ukosefu wetu ni kutupa.

Haya, tuingie kwa kisa.

Mnajua mursik. Kwa yule hajui, ni maziwa ya kuganda ya watu wa kwetu. Kibuyu, tunakiita sotet, kinaoshwa, kinakaushwa, halafu unachoma kijiti cha mti wa senetwet na kusugua makaa yake ndani ya kibuyu. Ndio maana mursik inakuwa na ile rangi ya kijivu na ile harufu. Unaweka maziwa, unafunika, unangoja.

Kibuyu kizuri hakipatikani ovyo. Kinazoea maziwa. Kila kikikaa, maziwa yake yanakuwa tamu zaidi. Sasa kikipasuka, mwanamke wa zamani hakitupi. Anapasha msumari moto, anatoboa mashimo madogo pande zote mbili za ufa, anashona na kamba nyembamba ya mkonge, halafu anapaka nta ya nyuki kusiwe na mahali pa kuvuja. Ukikishika unasikia mshono chini ya kidole.

Kogo alikuwa bingwa wa hiyo kazi. Lakini miaka hiyo macho yake yalikuwa yameanza kwisha, kwa hivyo alikuwa anakaa kwa kigoda anatoa amri, na anayeshona ni Chelangat. "Vuta. Si hivyo, vuta kama unafunga ndama, si kama unafunga zawadi." Kogo alikuwa na mdomo. Chelangat alitukanwa hadi akajua.

Chelangat alikuwa mwalimu wa nursery, mtu mpole. Wakati huo alikuwa na kijana wake wa Siongiroi, kule Chepalungu. Walipendana kabisa, mimi ndio nilikuwa napeleka barua.

Sasa, kulikuwa na jambo. Kabla ya huyo kijana, kuna wageni wengine walikuja kumuulizia Chelangat, wakakula, wakashukuru, wakaenda, na hawakurudi tena. Hakuna aliyejua sababu. Lakini mnajua vijiji. Kwa buying centre wanawake walianza kunong'ona, "Yule msichana ako na nini?" Mama alikuwa anapima majani yake na kurudi nyumbani bila kuongea na mtu.

Kwa hivyo watu wa Siongiroi walipotuma ujumbe kwamba wanakuja koito, ile siku ya wazee kukaa na kuongea mambo ya ndoa, kwetu hakuna aliyelala vizuri. Hii nayo ikiharibika, basi. Chelangat alikonda mpaka sketi ikaanza kuzunguka kiunoni.

Na watu wa Siongiroi si sisi. Wale ni watu wa ng'ombe. Sisi huku juu walikuwa wanatucheka, wanasema watu wa chai walishasahau maziwa, siku hizi wanakunywa majani. Tulijua kitu cha kwanza wataonja ni mursik, na kitu cha kwanza watazungumzia njiani wakirudi ni mursik.

Mama na Chelangat wakaanza mapema. Vibuyu vyote vya nyumba vikajazwa.

Ndipo akafika senge.

Senge kwetu ni dada ya baba, na siku ya koito senge si mgeni, ni mkubwa. Huyu wetu aliitwa Rosa, alikaa Kericho mjini, bwanake alikuwa na kazi ya ofisi. Alikuwa mtu mzuri, nisimseme vibaya. Alitulipia fees mara nyingi. Lakini alikuwa na ugonjwa wa "mtatuonaje."

Alishuka na vitu, wakuu! Thermos mpya. Sahani za plastiki za maua. Vitambaa vya viti. Na mtungi wa plastiki wa lita ishirini, mweupe, unang'aa, hata haujawahi kuona paraffin.

Akaingia jikoni, akaona vibuyu vimepangwa ukutani. Akashika kimoja, akakigeuza. Kilikuwa na mshono.

"Nini hii?"

Mama akasema ni sotet ya maziwa ya wageni.

Senge akashika kingine. Mshono. Kingine. Mshono. Akaweka mikono kiunoni. "Mke wa ndugu yangu, unataka wakwe wakunywe kwa viraka? Watasema tulilea huyu mtoto kwa matambara. Wale wa kwanza unafikiri walikimbia nini?"

Hapo ndipo alipomuumiza mama. Hakujibu. Kwetu humjibu dada ya bwanako, hasa wiki ya koito.

Basi senge akavua saa, akakunja mikono ya blauzi, akaosha ule mtungi na sabuni ya unga. Ile ya kunukia limau! Akasuuza, akasema usafi ni huu. Halafu akamwaga vibuyu vyote, kimoja baada ya kingine, ndani ya mtungi. Mursik yote ya nyumba. Akafunga mfuniko mpaka mishipa ya mkono ikatokea. Akauweka karibu na mafiga, ati joto litaifanya iwe nzito.

Na vile vibuyu akaviweka kwa karai, akanituma nikatupe kwa shimo.

Mimi nilifanya nini? Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nangoja matokeo. Ukitumwa na senge unaenda. Lakini sikufika kwa shimo, kwa sababu kogo alikuwa amesimama kwa mlango wake, ameshika fimbo.

"Leta hapa," akasema.

Nikaviingiza kwake. Akavipapasa kimoja kimoja kama mtu anahesabu kuku wake gizani, akanuna. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kibuyu kimoja senge hakukipata, kimejaa, kimeshonwa kutoka shingo hadi tumbo. Huyo Rosa alikuwa amekuja kukiomba, kogo akamwambia, "Hiki si chako. Nenda na ndoo yako."

Kisha akaniambia kitu sikukichukulia maanani. "Maziwa yanapumua. Huyo mtoto wangu amesoma, lakini ameziba maziwa pua."

Nawatafsiria, kwa sababu hapo hakuna aliyekuwa anaongea Kiswahili.

Mtungi ulikaa kando ya moto. Ukaanza kuvimba. Pande zikatoka nje, ukasimama kama mtu ameshiba ugali wa matanga. Nikamwambia senge. Akaupiga kofi, akasema, "Ona vile imejaa."

Imejaa! Nikikumbuka bado nasikia kupiga kelele.

Wageni wakafika. Wazee na makoti yao, na wanawake wachache, mbele yao mama ya kijana. Mwanamke mrefu, mkavu, hacheki. Akakaa kwa kiti, akatoa kile kitambaa cha senge, akakikunja vizuri, akakiweka kando. Baba alianza kutokwa na jasho hapo hapo.

Sala ikaombwa, salamu zikaisha. Nikapitisha maji ya kunawa. Chelangat alikuwa jikoni, kwa sababu msichana hakai na wazee wakiongea, anaitwa tu mwisho kuulizwa kama huyu kijana anamjua. Kutoka jikoni unasikia kila kitu.

Senge akaingia na ule mtungi. Alikuwa amekataa kumimina jikoni, ati wageni waone wingi. Akauweka katikati ya meza, akatabasamu, akashika mfuniko, akazungusha.

Wakuu.

Kwanza ulipiga mluzi. Senge akasimama, akafikiria, halafu akazungusha tena. Kwa nini ulizungusha tena, senge?

Mfuniko uliruka ukagonga mabati. Mdomo wa mtungi ukapasuka, na mursik ikafuata juu yote. Ilifika kwa mabati, ikarudi. Ilimwagikia meza, kalenda, picha ya harusi ya baba na mama, na mzee mmoja aliyekuwa na kofia nzuri sana ya manyoya. Senge alikuwa mweupe kutoka nywele hadi kifua, mdomo wazi.

Hakuna aliyecheka. Nawaambia ukweli, hakuna. Maziwa kumwagika mbele ya wakwe si mchezo kwetu. Wazee wawili waliangaliana. Mmoja akashika fimbo yake, ile namna mtu anashika akitaka kuinuka.

Mama akakimbia na kikombe, akakinga ile iliyobaki ndani ya mtungi, akampa mama ya kijana na mikono miwili. Yule mama akaonja. Akakaa nayo mdomoni kidogo. Akameza, kwa heshima.

"Ina sabuni," akasema.

Baba akaangalia chini. Mimi nikatoka mbio hadi jikoni, nikapata Chelangat ameketi kwa mafiga, uso kwa magoti. Hakuwa analia kwa sauti. Alikuwa anasema tu, "Wanaenda. Wanaenda. Tena wanaenda."

Kogo akaingia, akipapasa ukuta, amekumbatia kibuyu chake. Akanyoosha mkono anipe nipeleke. Nikaogopa, si senge alishasema viraka havitaingia kwa ile nyumba? Na senge mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, maziwa yanadondoka kwa kidevu, anatikisa kichwa. "Si hicho," anasema. "Afadhali wakose kuliko waone hicho."

Afadhali wakose. Hebu fikirieni hiyo akili.

Chelangat akainua uso. Huyo mtu mpole, ambaye sijawahi kumsikia akijibu mtu! Akachukua kibuyu kwa mikono ya kogo, akampita senge kwa mlango bila hata kusema pole, akavuka uwanja, mimi na senge nyuma yake, akaingia mbele ya wazee. Msichana mwenyewe! Kabla hajaitwa! Nikasema leo tumemaliza kila kitu.

Akapiga magoti mbele ya mama ya kijana, akamimina. Mursik ikatoka polepole, ya kijivu, nzito. Harufu ya senetwet ikajaa nyumba, hata ile limau ikanyamaza.

Yule mama hakunywa. Alichukua kile kibuyu kwanza. Akakigeuza. Kidole gumba kikaanza juu kwa shingo, kikashuka na mshono wote, polepole, hadi tumbo. Baba akafunga macho.

"Nani ameshona hii?"

Senge, nyuma yangu, akanong'ona, "Sema ni ya jirani."

"Ni mimi," Chelangat akasema.

"Wewe? Si nyanya yako?"

"Macho yake hayaoni vizuri. Yeye alinifundisha. Mimi ndio nilishona."

Yule mama akanywa. Alikunywa yote, akapanguza mdomo, akampa kikombe mzee aliye kando yake. Halafu akamgeukia baba, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Huyu anayeshona," akasema, "mtanipa lini?"

Mzee wao wa kuongea akakohoa. "Mama, bado hatujafika hapo. Hata ng'ombe hatujataja."

"Nyinyi tajeni," akamwambia. "Mimi nimemaliza."

Hapo ndipo watu walicheka. Walicheka mpaka yule wa kofia akaivua, akaikung'uta, akaomba aongezewe.

Baadaye kidogo, wanaume wakiwa nje kwa mambo yao, yule mama alikuja jikoni kumsalimia kogo. Akatuambia alikuwa amekuja na wasiwasi. Boma lao ni kubwa, mvua ya Chepalungu si ya kutegemea, kuna miaka mizuri na kuna miaka ya kubana mkanda. Aliogopa mtoto wa watu wa chai atazoea kununua, na siku hakuna cha kununua atarudi kwao. Alipoona ule mtungi na zile sahani za maua, alikuwa ameshaamua moyoni hapana. Alikuwa anangoja tu chakula kiishe ili waage vizuri.

Elewa hapo. Hakuwa ameamua hapana kwa sababu ya maziwa kumwagika. Alikuwa ameamua kabla, alipoona vitu vyote ni vipya.

Senge alikuwa amesimama hapo hapo na taulo kichwani, akasikia kila neno. Alichukua kitambaa, akarudi sebuleni, akapanda juu ya meza, akaanza kupanguza mabati mwenyewe. Mama akamshikia meza isitikisike.

Chelangat aliolewa. Yuko Siongiroi hadi leo, ana wajukuu. Imepita miaka ya njaa na miaka ya kushiba, na hajarudi kwetu isipokuwa kusalimia.

Na ule mtungi? Senge alitaka utupwe asiuone tena. Kogo akakataa. Akasema mdomo ndio umepasuka, tumbo lina kosa gani? Ukakatwa juu na panga, ndama wakanywea miaka.

Sasa wakuu, mimi ninachosema ni hiki, na mnaweza kunitukana. Dada yangu karibu amkose bwana anayempenda, si kwa sababu tulikuwa na viraka, ni kwa sababu mtu wetu wenyewe alivionea aibu viraka. Kile kitu tulikuwa tunaficha ndicho wale watu walikuja kutafuta. Na leo naona nchi nzima imekuwa senge Rosa. Tunatupa chakula, tunatupa nguo nzuri, tunatupa sufuria kwa sababu ya mpini, halafu tunaitana kulia kwamba maisha ni ngumu. Inaniudhi, na nikiudhika silali.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu ni kitu gani hakikuwa kinatupwa? Na petikoti yako iliandikwa nini?

Na wewe ambaye tayari unaandika "huo ni ushamba tu," andika, sina shida. Lakini uanze kwa kutuambia mama mkwe wako alipokuangalia mara ya kwanza, aliona unajua kufanya nini.